Kamba Mwenye Mayai

Kamba wa kwanza niliyemshika kwa mkono wangu mwenyewe chini ya maji sikumshika Unguja, nilikozaliwa na kulelewa karibu na pwani kiasi cha kusikia mawimbi nikiwa kitandani. Nilimshika Uingereza, mwendo wa saa moja na kitu kwa gari kutoka Birmingham, ndani ya machimbo ya zamani ya mawe yaliyojaa maji ya kijani. Nilikuwa na miaka thelathini na saba na mtoto wa sekondari. Wa pili nilimshika dakika chache baadaye, nikamwachia. Kisa changu ni cha huyo niliyemwachia.

Watu wengi wakisikia natoka Zanzibar hudhani nimezaliwa na mapezi. Ukweli ni kwamba katika kijiji chetu, kusini mwa kisiwa, wanawake waliingia baharini mpaka magotini, na maji yakitoka sana mpaka kiunoni, kwa ajili ya mwani na chaza. Yaliyopita kifua yalikuwa ya wanaume. Hakuna aliyetukataza kwa maneno. Hatukuwahi tu kumwona mama wala shangazi akifanya hivyo, basi nasi hatukufanya. Nilipoolewa na kuja kukaa Nechells, mtaa wa Birmingham, nilikuwa sijawahi hata mara moja kuzamisha kichwa katika maji yaliyozidi ndoo.

Aliyenitia majini alikuwa Mkenya, mtu wa milimani, nesi wa wodi ya mifupa katika hospitali kubwa iliyo karibu na Harborne. Mimi nilifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali hiyohiyo, kwenye mashine za mashuka. Siku moja nilimsikia kantini akizungumza na simu kwa Kiswahili chake kile kilichopinda, ngeli zote zimechanganyika, nikamsogelea na sahani yangu. Toka siku hiyo tukawa tunakula pamoja. Alikuwa akienda bwawa la kuogelea kila Jumapili asubuhi, saa ya wanawake watupu, kwa sababu kuinua wagonjwa kulikuwa kumemharibu mgongo. Akataka twende wote.

"Siwezi kuogelea," nikamwambia.

"Kwani wewe si wa kisiwa? Umezungukwa na maji tangu uzaliwe na huwezi kuogelea? Wacha wewe!"

"Nimezungukwa na kuta pia, na sijui kujenga."

Alicheka mpaka watu wakageuka. Lakini Jumapili iliyofuata alikuja kunichukua mlangoni, na Jumapili ya baada yake pia. Madirisha ya bwawa yalifunikwa mapazia, wasimamizi walikuwa wanawake, na kulikuwa na bibi wa Kisomali wa zaidi ya miaka sitini aliyejifunza kwa kushikilia ukingo kama sisi. Ilinichukua miezi kuacha kuushika ukingo ule. Nilipouacha, sikutaka tena kutoka majini.

Ndivyo tulivyokutana na wapiga mbizi. Klabu yao ililitumia bwawa lile baada ya saa yetu, na Jumapili moja tulichelewa kuondoka tukawakuta wanaingia, wanaume na wanawake, wamebeba mitungi ya hewa. Kiongozi wao alikuwa mzee wa Kiingereza kutoka Great Barr, fundi wa mabasi aliyestaafu, mtu wa mikono mikubwa na sauti ndogo. Nilikuwa nimeshavaa baibui langu, natazama tu. Akaniuliza kama ningependa kujaribu siku moja. Nilisema hapana, asante. Yule rafiki yangu akasema ndiyo, wote wawili.

Sitasahau mara ya kwanza kuvuta pumzi chini ya maji. Mzee alikuwa amenishika mkono, nimepiga magoti sakafuni kwenye kina kifupi, naangalia vigae vyeupe. Nikavuta, hewa ikaja. Nikavuta tena. Nilikuwa nayasikia mapafu yangu kama mtu anayelala chumba cha pili. Mzee aliponionyesha kidole gumba, yaani tupande juu, nilitikisa kichwa.

Tulijifunza msimu mzima wa baridi: kuvua miwani chini ya maji na kuivaa tena, kugawana hewa na mwenzako, kupanda polepole. Suala la stara lilikuwa likinisumbua mpaka nilipoonyeshwa suti ya maji baridi. Ni pana kama kanzu ya mpira, inafunika kutoka nyayo hadi shingoni, na juu yake unavaa kofia inayobana nywele zote. Hata ukumbi wa harusi sijawahi kuingia nimejisitiri namna ile. Binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi na tatu, aliponiona naijaribu sebuleni aliniambia kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba mama za wenzake wanapika keki kwa ajili ya skuli, kwa nini mimi nisipike keki.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu bila ya hili jambo lililotokea machimboni halina maana.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mzamiaji. Hakuwa na mtungi. Alikuwa na miwani, mapezi yaliyokatika ncha, na fimbo yenye ndoana, na kwa pumzi moja alishuka kwenye miamba kuwatoa kamba koche, wale wakubwa wenye miiba na papasi ndefu. Hoteli zilikuwa zimeanza kufunguliwa upande wetu wa kisiwa, na wapishi wake waliwataka kamba wale kila siku. Isipokuwa mnunuzi aliyekuja na gari lake hakuwataka majike wenye mayai. Kuwauza kulikatazwa, na yeye aliogopa kusimamishwa njiani na kukaguliwa.

Basi kaka akawa anawasugua. Nilikuwa binti wa miaka ishirini, sijaolewa. Aliniita uani, nikamkuta amechuchumaa mbele ya ndoo na mswaki mkuukuu mkononi. "Nishikie huyu," akasema. Nikamshika kamba kwa kitambaa, kwa nyuma ya kichwa, tumbo juu. Chini ya mkia wake kulikuwa na mayai ya rangi ya chungwa, yameshikana kama ulezi, mengi mno. Kaka akaanza kuyasugua kwa mswaki, taratibu, asimvunje miguu, maana kamba aliyevunjika miguu bei yake hushuka. Yule kamba alikuwa akitetemeka. Nilikuwa nausikia mtetemo ule mpaka kwenye viwiko vyangu. Tulipomaliza, kaka aliyamwaga maji ya ndoo mchangani na kuku wakaja mbio.

Nilijua kuwa ni vibaya. Kila mtu alijua. Wazee wa kijiji walisema waziwazi kwamba mwenye mayai arudishwe, na hapo zamani alirudishwa. Lakini sikusema kitu. Siku ile ilikuwa zamu yangu ya kupika, nikaenda kupika. Nilimshikia kaka mara nyingi baada ya hapo, labda msimu mzima. Kisha nikaolewa nikaondoka.

Sikuwahi kumsimulia mtu jambo hili, hata mume wangu. Si kwa kuwa lilikuwa zito sana. Ni kwamba lilikuwa dogo, na mtu huona haya kukiri kwamba kitu kidogo kama hicho kimemkaa.

Mwezi wa Aprili, tulipokwisha kufuzu, mzee wa Great Barr alitupeleka machimboni. Tulikuwa watu wanane. Mwenye machimbo alikuwa ameomba kibali cha kuwapunguza kamba wa Kimarekani waliojaa mle ndani, na kwenye kibali hicho mlikuwa na majina yetu sote. Bila ya karatasi ile hata kumshika mmoja ilikuwa kosa. Mzee alitukusanya kando ya maji kutueleza. Kamba hawa, alisema, waliletwa nchini zamani kufugwa kwa chakula, wakatoroka. Wanachimba kingo za mito mpaka zinaporomoka. Wanabeba ugonjwa usiowadhuru wao, lakini unaua kamba wenyeji wote wa mto mzima. Hatuweki mitego, kwa sababu mtego unaweza kumnasa mnyama mwingine akafa maji. Tunawashika kwa mkono, na tunawachukua wote.

"Wote," akarudia. "Msichague wakubwa mkaacha wadogo. Mkiwaondoa wakubwa tu, wadogo wanapata nafasi, wanaongezeka kuliko mwanzo. Na hakuna hata mmoja atakayetoka hapa akiwa hai."

Nilimsikia vizuri. Nataka hilo lieleweke. Kiingereza changu siku hizo kilikuwa kinatosha kabisa, na sikuwa mbali.

Tuliingia wawili wawili, mimi na nesi wangu. Baridi ya maji ilinipiga usoni, mahali pekee palipokuwa wazi, mpaka meno yakauma. Kisha uso ukafa ganzi, nikaanza kuona. Maji yalikuwa ya kijani kama chupa. Ukuta wa machimbo ulishuka ngazi kwa ngazi, na kwenye kila ngazi mawe yaliyovunjika, na chini ya mawe mashimo. Kamba wa kwanza alikuwa ametoka nje kabisa, ameinua magando kunitisha. Si mkubwa, kiasi cha kiganja, rangi ya udongo, lakini chini ya magando mwekundu, na kwenye kiungo cha gando doa jeupe. Nilimshika kama tulivyofundishwa, kwa nyuma, pale magando yasipofika, nikamtia kwenye mfuko wa wavu. Moyo ulikuwa ukienda mbio kwa furaha ambayo hata leo naionea aibu kidogo.

Wa pili alikuwa ndani ya shimo chini ya jiwe bapa. Niliinua jiwe, vumbi likafuka, nikasubiri litulie. Hakukimbia. Alikuwa ameukunja mkia chini ya tumbo, amejikusanya. Nilimshika nikamgeuza kwenye mwanga wa tochi.

Mayai. Haya yalikuwa ya kahawia, makubwa zaidi ya yale niliyoyajua, yamening'inia kwa nyuzi nyembamba. Na yule kamba akawa anatetemeka mkononi mwangu.

Sikufikiri sana. Nikisema nilifikiri nitakuwa nadanganya. Nilimrudisha shimoni, nikalishusha jiwe bila ya kulibamiza. Halafu nikabaki pale nimeelea, na nilijihisi mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Nilipogeuka niliona tochi ya rafiki yangu imenielekea. Alikuwa ameona yote. Chini ya maji huwezi kuzungumza, na nyuma ya miwani macho yanakuwa makubwa, kwa hiyo sikujua ananilaumu au anashangaa.

Tulipoibuka alitoa kidude cha kupumulia mdomoni. "Si umeachilia moja?"

"Alikuwa na mayai."

"Sasa?"

"Sasa nini? Ana mayai, wewe!"

"Lakini mzee alisema tushike zote."

"Usimwambie."

Alitazama ukingoni, wenzetu wakitoka na mifuko yao. "Mimi siambii mtu," akasema. "Lakini akiniuliza, sitamdanganya."

Hakuulizwa yeye. Mzee alikuwa na daftari, kwa sababu waliotoa kibali walitaka kujua madume wangapi, majike wangapi. Alipofika kwenye mfuko wetu akauliza, kama alivyowauliza wengine wote, "Mmemwona yeyote mwenye mayai?" Rafiki yangu akainama kuvua mapezi yake, akayavua kwa makini sana.

"Nilimwona mmoja," nikasema.

"Yuko wapi?"

"Nimemwacha."

Hakupandisha sauti. Aliiweka penseli nyuma ya sikio, akaniambia nimfuate. Nilimfuata na suti yangu ya mpira ikilialia kila hatua, tukazunguka mpaka upande wa pili wa machimbo. Hapo kulikuwa na tundu la zege lenye wavu wa chuma, na maji yaliyojaa zaidi yalitokea hapo, yakawa kijito chembamba kinachopita kwenye majani na kupotea bondeni.

"Mwendo wa nusu saa kwa miguu kufuata kijito hiki, kwenye daraja la barabara," alisema, "bado wapo kamba wenyeji. Sehemu kubwa ya nchi hii wamekwisha. Hapa wamebaki. Wavu huu unawazuia wakubwa. Watoto wakiangua, wanakuwa wadogo kama wadudu chungu. Wanapita kwenye tundu lolote."

Niliutazama wavu ule. Kisha nikasikia hasira inapanda, hasira ya mtu aliyekosea. Nikamwambia kwamba kwetu, mtu anayemchukua kamba mwenye mayai ni mwizi. Anamwibia kila mtu. Kwamba hilo tunalijua kabla ya kujua kusoma.

"Najua," akasema. "Wales, baharini, nimewarudisha majike wenye mayai miaka thelathini. Lau ningekuona unamchukua mmoja kule, nisingepiga mbizi na wewe tena." Akasita. "Lakini huku si kule. Kosa ni langu, sikuwaeleza habari ya mayai."

"Ulisema wote. Nilikusikia."

Basi akanitazama, akatikisa kichwa kidogo, akaanza kurudi. Sikumfuata mara moja. Nilikuwa nimejiona mjinga, lakini si ujinga ulioniuma. Kwa dakika zile chache chini ya maji nilikuwa nimeamini kwamba nimelipa kitu. Kwamba kwa wale wote niliowashikilia uani, huyu mmoja nimemrudisha. Na sasa nilikuwa nimeambiwa kwamba hapana, umeharibu tena, safari hii kwa moyo mweupe.

Njiani kurudi, tulipokwama kwenye foleni ya barabara kuu ya M6, nilimsimulia rafiki yangu habari ya mswaki. Alikuwa mtu wa kwanza kuisikia. Hakusema pole. Aliendesha kitambo, lori mbele yetu likisogea na kusimama.

"Kuna dawa naweza peana kwa mgonjwa wa kitanda hii," alisema mwishowe, "na nikipeana kwa yule wa kitanda ingine nimemuua. Dawa ni ile ile. Mkono ni huu huu. Hata roho yangu ni ile ile nzuri." Akaguna. "Ndio maana unasoma chati kwanza. Kila siku, hata kama unajua huyo mtu."

"Na ukikosea?"

"Unasema. Hapo hapo. Kama vile umesema leo." Halafu akaongeza, "Ingawa ungesema kabla nianze kuvua hizo viatu za bata. Nilizivua mpaka zikaisha."

Nilicheka, na nikaona machozi yanatoka pamoja na kicheko.

Jumamosi iliyofuata nilinunua kadi ya simu, ile ya kukwangua namba, nikampigia kaka. Alikuwa ameacha kuzamia miaka mingi. Sikio moja lilikuwa limeharibika, na siku hizo aliuza saruji na mabati barabarani.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mbona mchana mchana, kuna salama?"

Nilimweleza. Kwanza hakuamini kama nazamia. Ilibidi niape. Nilipofika kwenye jike mwenye mayai akaangua kicheko. "Kwa hivyo huko Uingereza mtu anapata thawabu kwa kuwaua wenye mayai? Basi mie ningehamia zamani!"

Nami nikacheka, halafu nikamwambia nakumbuka mswaki. Simu ikawa kimya mpaka nikadhani kadi imekwisha.

"Hoteli ndio waliotaka vile," alisema.

"Najua."

"Na wewe ulikuwa unashika tu. Hukusugua."

"Nilishika ili usugue, kaka."

Nilimsikia akimwambia mteja asubiri. Aliporudi sauti yake ilikuwa nyingine. Alisema kwamba mwamba ule aliokuwa akiutegemea, vijana wa sasa wanaushukia na hawapati kitu, na wakimuuliza zamani mlikuwa mnapata wapi, huwaambia hapohapo, wala hawamsadiki. "Siwaambii lililobaki," akasema. Kisha akaniuliza maji ya huko yana baridi kiasi gani, na tukazungumza habari ya baridi mpaka kadi ikaisha kweli.

Tulirudi machimboni baada ya wiki mbili. Nilimwomba mzee atupange kwenye ukuta uleule, naye hakuuliza sababu. Nililitafuta lile jiwe bapa na nadhani nililipata, ingawa chini ya maji mawe hufanana. Palikuwa patupu. Ngazi ya chini yake, kwenye shimo jingine, nilimpata jike mwenye mayai. Huenda ndiye, huenda siye. Nilimshika kwa nyuma, akatetemeka, nikamtia mfukoni, nikaufunga mdomo wa mfuko kwa mikono miwili. Siku ile nilipata watatu kama yeye. Sikujihisi mwepesi. Nilijihisi kama nilivyokuwa nikijihisi kazini nikimaliza mashuka ya zamu nzima.

Kwa kuwa hakuna kamba aliyeruhusiwa kuondoka hai, mambo yote yalimalizwa hapohapo kwenye maegesho ya magari. Waliwekwa kwanza kwenye sanduku la barafu mpaka wakalala kabisa, wasisikie, ndipo wakatiwa kwenye sufuria kubwa la maji yanayochemka kwa wingi. Mzee alikuwa mkali juu ya hilo. Hakutaka mtu amtie mnyama motoni anapapatika. Wale wenye mayai nilimwambia nitawatia mwenyewe. Nikasema bismillahi, nikawatia.

Nilikuwa nimekuja na tui la kopo, vitunguu thomu, pilipili na ndimu, nikatengeneza mchuzi kwenye jiko la gesi. Waingereza walikula kwa mikate, wakachovya mpaka sufuria likang'aa. Nilikula na mimi, wale wa kawaida, wasio na mayai. Nyama ilikuwa tamu, na kwa mbali ina ladha ya tope. Rafiki yangu alisimama na kikombe chake cha chai, ametupa mgongo.

"Hawa ni wadudu," alisema. "Kwetu hatuli kitu iko na miguu mingi hivi."

"Onja hata mchuzi."

"Mchuzi umeshikana na mdudu."

Mwezi wa Julai alikuja mtaalamu wa mito aliyekuwa akisimamia kibali, msichana wa miaka ishirini na kitu, aliyevaa mabuti marefu. Alituuliza kama tungependa kuwaona kamba wenyeji. Tulikwenda wanne. Kabla ya kukaribia kijito alitunyunyizia dawa kwenye mabuti, nyayo na visigino, akatutaka tusimame mpaka yakauke, ili tusiwapelekee ugonjwa kwa miguu yetu wenyewe. Kisha akatuonya: yeye peke yake ana ruhusa ya kuwagusa. Sisi tungetazama.

Aliingia kwenye maji yasiyofika magotini, akainamia jiwe, akaliinua kwa mikono miwili. Kwa muda sikuona kitu. Halafu kitu kama kipande cha gome kikasogea. Alikuwa mdogo, wa kahawia, hana hata robo ya ubabe wa yule wa Kimarekani. Msichana alimwinua, akamgeuza upande wetu kwa nukta chache, na chini ya magando alikuwa mweupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Ndiye huyo. Ningekutana naye bila ya kuelezwa, ningempita.

Mkono wangu ulitaka kumshika. Niliuingiza mfukoni.

Tuliifanya kazi ile ya machimboni misimu mitatu. Rafiki yangu hakumaliza wa tatu. Alipata kazi Kanada akahama, na bado hunitumia picha za ziwa lililoganda kwa barafu, ananiuliza kama nitaingia. Kamba wa Kimarekani hawakuisha. Kila tuliporudi tulikuta wengine, labda wachache zaidi, labda tulikuwa tunajipa moyo. Mara ya mwisho nilipomwona yule mtaalamu wa mito nilimuuliza kijitoni hali ikoje. Alisema wenyeji bado wapo, kutoka darajani kwenda chini, na wameangua mwaka ule. Wa Kimarekani wameshaonekana nje ya wavu, upande wa juu wa daraja. Baina yao, alisema, zimebaki kona mbili za kijito, na kila mwezi anakwenda kuzitazama.